Nani Aliandika Chini ya Picha? Ngerengere, Reli ya Kati na Makabati ya Ujerumani

Ukipanda treni ya SGR ya kawaida kutoka Dar es Salaam, vituo ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, halafu Morogoro. Abiria wengi hawanyanyui hata macho. Treni inakwenda vizuri, kiyoyozi kinapuliza, kila mtu na simu yake. Mimi pia nilikuwa na simu mkononi, ila nilikuwa naangalia picha moja tu, ya daraja la reli nyingine, ile ya Mjerumani, ambayo njia yake inapita huku huku.

Picha yenyewe ni ya kawaida kwa mtu aliyezoea kuzurura kwenye makusanyo ya picha za ukoloni. Daraja la chuma, nguzo za mawe, mto uliokauka chini yake. Juu ya daraja wamesimama watu kumi na mmoja. Kumi ni Waafrika. Mmoja ni Mzungu mwenye kofia ngumu nyeupe, kasimama katikati, mkono kiunoni. Pembeni kabisa, kwenye ukingo wa picha, kuna mwanamke mwenye mzigo kichwani, nusu ya mwili wake imekatwa. Maelezo ya chini yana mambo matatu: Deutsch-Ostafrika, reli ya kati, daraja lililokamilika. Basi. Mto gani, hayasemi. Mwaka gani, hayasemi. Wale kumi ni akina nani, ndiyo kabisa.

Nilishuka Ngerengere kwa sababu kuna mzee mstaafu wa reli nilitaka aione picha hiyo. Nitamfikia. Kwanza nieleze picha kama hizi zilipigwa kwa sababu gani na ziko wapi sasa, maana bila hayo mazungumzo yetu hayataeleweka.

Reli na mto

Bunge la Ujerumani liliidhinisha reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 1904. Ikaundwa kampuni ya reli, benki kubwa ya Deutsche Bank ikiwa mbele, na kazi ya ujenzi ikapewa Philipp Holzmann, wajenzi wa mji wa Frankfurt. Shika jina hilo la Frankfurt, tutalirudia. Februari 1905 Mwanamfalme Adalbert wa Prussia alipiga koleo la kwanza pale Dar es Salaam. Julai ya mwaka huohuo vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi na kuenea kusini yote. Kwa hiyo wakati tuta la reli linainuliwa kuelekea Uluguru, sehemu nyingine za koloni hilo hilo zilikuwa zinaungua. Kwenye vitabu vya shule mambo haya mawili tunayasoma katika sura tofauti, kama vile yalitokea katika nchi mbili.

Mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Tabora ikafika 1912, na Kigoma Februari 1914. Miezi sita baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Wajerumani wenyewe walikaa na reli nzima, kutoka bahari hadi ziwa, nusu mwaka tu kabla ya kuanza kuipigania.

Kwa nini ipite Ngerengere? Njia ya kwenda bara upande huu ni ya zamani kuliko Mjerumani. Misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikipita pembeni mwa Uluguru, na Stanley alipopita mwaka 1871 alisimulia mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, wenye ukuta na minara ya mawe. Na kuna maji. Mto Ngerengere unatoka kwenye miteremko ya Uluguru, unapita Morogoro mjini, unakata kwenda mashariki, kisha unajiunga na Ruvu. Injini ya mvuke bila maji ni chuma tu kilichosimama, hivyo wajenzi wa reli walihitaji mito jinsi wapagazi walivyoihitaji. Mto huo huo ulikuwa pia adui yao, maana masika ukifurika hauulizi daraja limegharimu kiasi gani.

Waliofanya kazi walitoka mbali na karibu. Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao baba zao walizijua njia hizi kwa miguu, mzigo begani. Vipande vya kazi walipewa makandarasi wadogo, wakiwemo Wagiriki na Waitaliano. Mataruma yakawekwa ya chuma, kwa sababu mti ungeliwa na mchwa. Watu hao walibeba mawe, wakayachonga, wakachimba, wakaumwa homa, wengine wakafa. Jumla ya kilomita za kazi yao inajulikana. Majina yao ndiyo ya kutafuta kwa tochi.

Picha zilipigwa kwa ajili ya nani

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyoziangalia picha hizi. Nilikuwa nadhani zilipigwa kwa kumbukumbu, yaani mhandisi amemaliza daraja lake, amefurahi, anaita mpiga picha. Sehemu ni kweli. Lakini nyingi zilikuwa na safari nyingine.

Ujerumani kulikuwa na Chama cha Kikoloni, Deutsche Kolonialgesellschaft, kilichoundwa mwaka 1887. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi Wajerumani wa kawaida kwamba makoloni yana faida. Chama kilikusanya picha, kikaziweka kwenye vioo, na vioo hivyo vikazungushwa mji kwa mji kwa ajili ya mihadhara. Mhadhiri anasimama ukumbini, taa zinazimwa, mashine inamulika picha ukutani: hii ni bandari ya Dar es Salaam, hii ni mikonge, hili ni daraja.

Na ushawishi huo ulihitajika kweli. Desemba 1906 Bunge la Ujerumani lilivunjwa kwa sababu wabunge walikataa fedha za vita vya kikoloni kule Namibia ya leo. Uchaguzi wa Januari 1907 ukapiganwa kwa hoja ya makoloni. Bernhard Dernburg, aliyekuwa mtu wa benki, akawa waziri wa makoloni, na mwaka huohuo akasafiri mwenyewe kuja Afrika Mashariki. Imani yake kubwa ilikuwa reli. Sasa weka picha ya daraja katika mazingira hayo. Ile picha ni risiti. Mlipa kodi wa Leipzig au Hamburg anaambiwa: hela yako hii hapa, imesimama juu ya mto.

Risiti haionyeshi jasho. Ndiyo maana katika picha za aina hii daraja huwa limekamilika, watu wamepangwa, mto umetulia. Tuta lililobomoka halikuwa na kazi kwenye ukumbi wa Leipzig. Mzungu mmoja katikati alikuwa anatosha kuonyesha nani ana mamlaka, na wale kumi walikuwepo kama kipimo, ili mtazamaji ajue daraja lina ukubwa gani. Ni kama siku hizi tunavyoweka kiberiti pembeni ya kitu tunapokipiga picha.

Ziko wapi sasa

Mkusanyo wa Chama cha Kikoloni, takriban picha 55,000, uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Umeshawekwa kwenye intaneti. Ndiyo, Frankfurt ile ile ya Holzmann. Kampuni iliyoijenga reli ilitoka mji huo, na picha za kazi za aina yake leo zinalala mji huo. Holzmann yenyewe ilifilisika mwaka 2002. Picha zimeishi kuliko kampuni.

Mkusanyo wa pili uko Koblenz, katika Bundesarchiv, ambako ndiko Ujerumani inakoweka nyaraka zake za taifa. Humo zimo picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1906 hadi wakati wa vita. Desemba 2008 Bundesarchiv waliweka zaidi ya picha 80,000 kwenye Wikimedia Commons, za Dobbertin zikiwemo, na kuruhusu mtu yeyote azitumie mradi ataje zilikotoka. Upande wa pili wa bahari, Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960, nazo zinaonekana bure.

Kwa hiyo nikisikia mjadala wa "watuletee picha zetu", naelewa hasira iliyomo, na kwa fuvu la chifu au kinyago cha ukoo hasira hiyo ni ya haki kabisa. Lakini kwa picha, tuseme ukweli. Nakala ziko mezani miaka mingi sasa. Bando la siku moja linatosha kuzifikia. Kinachokosekana ni maelezo.

Jaribu mwenyewe utaona. Ukitaka kuipata Morogoro, mara nyingine itakubidi uandike Mrogoro, jinsi Wajerumani walivyoandika. Kilosa inaongezewa s, inakuwa Kilossa. Daraja utafute kwa neno Brücke, kituo kwa neno Bahnhof. Na watu? Watu utawakuta chini ya neno Eingeborene, yaani wenyeji, na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Mtoto wa Kinonko au Mikese anayetaka kukiona kijiji chake cha zamani lazima kwanza akijue kwa midomo ya wageni.

Bundesarchiv wenyewe hawajifichi. Chini ya picha zao pale Commons wameweka tahadhari kwamba maelezo ya asili yameachwa kwa sababu ni sehemu ya nyaraka, na kwamba yanaweza kuwa na makosa, upendeleo, au siasa kali za wakati wake. Wameacha na nafasi ya watu kuripoti makosa. Mimi tahadhari ile naisoma kama karibisho. Wanasema: haya ndiyo tuliyoyakuta, mwenye kujua zaidi aseme. Na sisi wenye kujua zaidi tumekaa kimya, au tunazishea WhatsApp na maneno "Dar ya zamani, nani anakumbuka?" halafu emoji tatu za machozi.

Jengo la nani linaitwa jengo

Kuna jambo lingine ambalo huliona mpaka uwe umetazama picha nyingi kwa pamoja. Katika makusanyo haya, boma ni jengo. Kituo cha reli ni jengo. Kanisa la misheni ni jengo, na mara nyingi utaambiwa ni misheni ya nani. Nyumba ya msonge ya Mluguru, yenye fito, udongo na nyasi, iliyosimama kwenye mteremko ambao mhandisi angeukimbia, hiyo unaikuta kwenye kundi la mila na makabila. Imepigwa kwa sababu ya watu waliosimama mlangoni, siyo kwa sababu ya aliyeijenga. Na mlangoni hapo hutaambiwa kwamba Waluguru wanafuata ukoo wa mama, kwa hiyo ardhi iliyobeba nyumba ile ina historia yake ya urithi, na historia hiyo ina majina.

Sisemi kwamba kila mpiga picha alikaa akapanga ubaya. Wengine walikuwa mafundi hodari, na jicho lao linaonekana mpaka leo. Nasema tu kwamba makabati yalipangwa kabla picha hazijapigwa, na sisi tunaendelea kufungua droo zile zile. Hata katika mazungumzo yetu, "majengo ya kihistoria ya Morogoro" maana yake ni majengo ya Mjerumani. Tunawapeleka wageni Morningside kule mlimani wakaone magofu. Ni vizuri, mandhari yake ni nzuri. Lakini nani anawaonyesha nyumba?

Daraja linapovunjwa

Picha zikabadilika ghafla mwaka 1916. Jeshi la Jenerali Smuts lilishuka kutoka kaskazini, Agosti likapigana kwenye Mto Wami, na tarehe 26 Agosti likaingia Morogoro. Dar es Salaam ikajisalimisha tarehe 4 Septemba. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma kuelekea kusini kupitia milima ya Uluguru, walivunja madaraja ya reli ambayo miaka tisa tu nyuma yalikuwa fahari ya ukumbi wa Leipzig. Waingereza na Waafrika Kusini walipoyafikia walikuta chuma kimekunjika mtoni. Wakati wanayajenga upya, walifunga malori magurudumu ya reli ili yasogeze mizigo juu ya njia.

Sasa angalia maelezo yanavyogeuka. Daraja lile lile ambalo kwa Mjerumani lilikuwa ushahidi wa maendeleo, kwa Mwingereza likiwa limevunjika ni ushahidi kwamba adui anakimbia. Likishajengwa upya ni ushahidi wa ufundi wa wahandisi wapya. Chuma ni kile kile, mto ni ule ule. Na waliobeba mawe mara ya kwanza, na ndugu zao waliobebeshwa mizigo ya vita vile kwa maelfu, hawakuandika maelezo mara ya kwanza wala mara ya pili.

Kwa mzee

Ngerengere ya leo Watanzania wengi wanaijua kwa ajili ya jeshi la anga. Ukishuka pale, kuna maeneo ambayo simu unaiweka mfukoni na haitoki, na ni sawa, nchi zote ziko hivyo. Nilicheka tu kimoyomoyo. Nimekuja na picha ya daraja iliyopigwa na mgeni aliyekuwa huru kuelekeza kamera yake popote, na mimi mwenye nchi natembea mikono mfukoni.

Mzee anakaa karibu na njia ya zamani. Aliajiriwa reli mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kila nchi kubaki na shirika lake. Miaka yake yote alikuwa kwenye gengi, wale wa kutengeneza njia. Baba yake naye alikuwa gengi, wakati wa Mwingereza. Na babu yake, kwa habari za nyumbani kwao, alitoka Unyamwezi akaja na kazi ya reli, akaoa Mluguru, akabaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hii ya umeme?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza inatikisika. Nikasema haitikisiki kabisa. Akatikisa kichwa, sijui kwa kuikubali au kwa kuionea huruma ile yake.

Kitu ambacho sikukijua kabla ya kufika ni kwamba mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Picha hawezi kuiona. Nilijisikia mjinga, nimetoka Dar na picha kumletea mtu asiyeona. Yeye hakuhangaika. Alimwita mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, akamkalisha pembeni, akasema, "Haya, nisomee."

Binti akaanza kama anavyosoma maelezo: "Babu, ni daraja la reli limekamilika."

"Siyo maneno. Nisomee picha. Nguzo ni za nini?"

"Mawe."

"Yamechongwa au yamepangwa hivihivi?"

Akaikuza kwa vidole. "Yamechongwa, babu. Yana pembe."

"Haya. Sasa toka darajani, njoo huku kwenye tuta. Mataruma unayaona?"

"Nayaona."

"Unayaona migongo tu, au mpaka pembeni, yote?"

"Yote kabisa."

"Basi kokoto hazijamwagwa. Treni ya maana haijapita hapo. Nani kaandika limekamilika?"

Mimi ile picha nilikuwa nayo karibu mwaka mzima. Nimeitazama kwenye kompyuta, kwenye simu, nimeionyesha kwa watu wasomi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya kokoto. Mzee asiyeona amesahihisha maelezo ya zaidi ya miaka mia moja, kwa maswali matano, akiwa amekaa kwenye kigoda.

Akaendelea. "Hao watu wameshika nini?"

"Hawajashika kitu."

"Hata koleo? Hata mtaimbo?"

"Hakuna, babu. Wamesimama tu."

"Basi wameambiwa waweke chini. Mtu wa kazi hasimami mikono mitupu katikati ya kazi. Na yule mwanamke?"

"Yuko pembeni, amebeba kitu kichwani. Amekatwa."

"Huyo anapeleka chakula," akasema. Kisha akafikiri. "Au anapita zake. Hatujui."

Nikauliza swali lililonileta: ni daraja la hapa, la Mto Ngerengere? Moyoni nilikuwa nimeshaandika sentensi nzuri ya kumalizia makala. Mzee alikaa kimya kwanza.

"Mwanangu, mimi njia hii nimeitembea kwa miguu na kwa troli. Nikikwambia ni la hapa nitakuwa nakufurahisha tu. Umetoka mbali, lakini sitakudanganya. Madaraja ya namna hiyo yalikuwa mengi."

Tukanywa chai. Halafu, kama mtu aliyekuwa anasita, akamgeukia mjukuu. "Hao kumi, kuna mfupi humo? Babu yangu walisema alikuwa mfupi, na kilemba hakitoki kichwani."

Binti akakuza picha mpaka sura za watu zikawa madoa. Akaipunguza, akahesabu. "Wenye vilemba wanne, babu. Wafupi wawili."

Mzee alicheka sana. "Basi na awe mmoja wao." Kicheko kilipoisha akanielekea mimi. "Lakini usiandike hivyo."

Faida yake nini

Kuna atakayeuliza, sasa ukijua kokoto zilikuwa hazijamwagwa, inasaidia nini? Bei ya unga itashuka?

Nimjibu kwa mfano ambao haubishaniwi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakafariki. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash. Jengo kama lile likianguka, picha za zamani zinaacha kuwa pambo la kalenda. Zinakuwa vipimo: nguzo zilikaa vipi, roshani iliishia wapi. Na hapo maelezo ya picha yanakuwa na thamani ya fedha na ya uhai. Picha ya kabla ya mashambulizi ya Waingereza ya 1896 na picha ya baada yake si kitu kimoja, maana mbele ya jengo palikuwa na mnara ambao baada ya hapo haupo. Ukikosea mwaka kwenye maelezo, umemkosesha fundi.

Reli ya kati nayo inaelekea kwenye maswali hayo. Ile ya zamani bado ipo na treni bado zinapita, lakini macho ya watu yamehamia kwenye SGR tangu ilipoanza kubeba abiria Juni 2024. Vituo vidogo vya zamani, kota za reli, matangi ya maji, makaravati yenye mawe ya kuchongwa, vyote viko mahali ambapo siku moja mtu atasimama na kuamua: hiki kibaki, hiki kibomolewe. Siku hiyo atataka kujua ni cha mwaka gani, kimejengwa na nani, kimetengenezwa upya mara ngapi. Jibu la Frankfurt litakuwa neno moja, Bahnhof. Jibu la pili liko kwenye vichwa vya wastaafu wenye mtoto wa jicho, na vichwa hivyo havina nakala.

Nairobi walifungua makumbusho yao ya reli mwaka 1971. Sisi si lazima tusubiri jengo. Tunahitaji watu wawili na simu moja, mmoja wa kuona na mmoja wa kuuliza. Wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu wangepewa kazi ya muhula, kila mmoja picha kumi na wazee wawili, makabati yale yangeanza kusomeka Kiswahili ndani ya miaka michache. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa wangekuwa na nakala. Na pale ambapo hakuna aliye na hakika, paandikwe hivyo hivyo, kama mzee alivyonifundisha.

Nilipokuwa kwenye treni ya kurudi niliandika maelezo mapya ya ile picha, nikamtumia yule binti amsomee babu yake:

"Daraja la reli ya kati likiwa kwenye ujenzi, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mto haujatambuliwa. Kokoto bado hazijamwagwa kwenye tuta. Nguzo za mawe ya kuchongwa. Juu ya daraja wamesimama vibarua kumi, wameweka zana chini kwa ajili ya picha, pamoja na Mzungu mmoja. Kulia, mwanamke amebeba mzigo. Amekatwa na ukingo wa picha."

Jibu lilikuja tukiwa tumeshapita Ruvu. Babu ameridhika, ila amesema neno moja libadilishwe. Niandike "mafundi na vibarua", kwa sababu yale mawe hayakujichonga.